Betri Zinafanana, Volti Hazifanani

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi ya ofisi ilinibana, lakini kusema kweli kilichoninyamazisha zaidi ni aibu. Leo nimeamua kuieleza, huenda ikamwokoa mtu.

Kama mjuavyo, riziki yangu ni kuandika programu. Vifaa vya umeme ni uraibu wa jioni tu. Desemba iliyopita nilitaka kwenda nyumbani Kinangop na leza ya kijani, niwaonyeshe wapwa zangu nyota. Leza ya kijani usiku huonekana kama kamba iliyonyooka mpaka mbinguni, kwa hivyo ukisema "ile pale ni Kilimia", hakuna mtoto wa kukuuliza "ipi, anko?"

Moduli niliinunua Luthuli Avenue, Nairobi: kipande cha shaba chenye kipenyo cha milimita 12, waya mwekundu, waya mweusi, na kibandiko kilichosema nanomita 532, volti 3, chini ya miliwati 5. Betri na ganda ni shauri lako mwenyewe.

Mimi sikufikiri sana. Nilitia betri mbili ndogo za AAA kwenye kipande cha bomba la maji la plastiki, nikafunga swichi ile ya kubonyeza mara moja inawaka, mara ya pili inazima. Nikaijaribu sebuleni Nairobi, ikawaka vizuri ajabu. Wenzangu wa programu mnaujua usemi wetu: kwenye mashine yangu inafanya kazi!

Kinangop, usiku wa kwanza, mwale ulikuwa hafifu hata watoto wakanihurumia. Nikalaumu betri, na kulikuwa na ukweli kidogo. Moduli hii hula karibu miliampea 300. Betri ndogo ya alkali ina ukinzani wake wa ndani, na baridi huuongeza, kwa hivyo zile volti 3 za dukani hushuka kabla hazijafika kwenye leza.

Kesho yake nikateremka Naivasha kutafuta betri ya kamera aina ya CR123A, fupi na nene, volti 3, isiyoogopa baridi. Muuzaji alikuwa na aina mbili, ya kutupa na ya kuchaji. Umbo ni moja kabisa. Nikaona nisiwe mjinga wa kununua betri kila mwezi, nikachukua ya kuchaji.

Hapo ndipo nilipokosea. Ile ya kuchaji ni ya lithiamu-ioni, na ikijaa inafika volti 4.2. Tofauti ya volti moja na kidogo, nikaona si kitu. Lakini diodi ya leza si balbu. Tuseme diodi inachukua volti 2, na moduli ni ya bei rahisi, inategemea rezista moja tu kuzuia mkondo. Kwa betri ya volti 3, rezista inabakiwa na volti 1. Kwa betri ya volti 4.2, inabakiwa na volti 2.2. Yaani mkondo umepanda zaidi ya mara mbili! Kibandiko bado kinasema chini ya miliwati 5, lakini kibandiko hakijui umetia betri gani.

Usiku wa pili leza iliwaka kama ya sinema. Watoto walipiga kelele. Baada ya dakika chache nikasikia bomba linapata moto, nikaingia ndani na kuliweka mezani lipoe. Nikageuka kumimina chai.

Mpwa wangu wa miaka saba alilichukua, akabonyeza. Mwale ulipiga kioo cha dirisha, ukarudi na kumpata Mama machoni alipokuwa ameketi karibu na jiko. Mtoto akaogopa, hakujua kwamba lazima abonyeze tena ili izime. Nilimnyang'anya, lakini Mama tayari alikuwa amefunika uso kwa leso.

Alisema anaona doa la kijani kila anapotazama. Lilikaa mpaka baada ya chakula. Sikulala usiku ule, ndugu zangu. Asubuhi nilimpeleka kliniki ya macho, daktari akamtia matone, akachunguza nyuma ya jicho, akasema hakuna palipoungua. Tukiwa njiani kurudi Mama aliniambia, "Mwanangu, nyota tulikuwa tunaziona hata kabla ya hicho kitochi chako."

Niliporudi Nairobi ndipo nikasoma nilichopaswa kusoma mwanzo. Moduli nyingi za kijani za nanomita 532 haziundi kijani moja kwa moja. Ndani mna diodi ya infraredi ya nanomita 808 inayopiga fuwele moja, fuwele hiyo inatoa nanomita 1064, kisha fuwele ya pili inagawa urefu huo wa wimbi kwa mbili na kupata 532. Sasa, diodi ikipoa kwa digrii moja, wimbi lake hufupika kwa kiasi cha nanomita 0.3. Kwenye baridi ya Kinangop ile 808 inateleza, fuwele haiimezi vizuri, kijani kinafifia. Kwa hivyo tatizo langu kubwa lilikuwa joto, nami nikalitibu kwa volti.

Tena hafifu si salama. Infraredi isiyomezwa inaweza kutoka nje kama moduli haina kichujio. Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, walieleza kuhusu leza ya kijani ya bei rahisi waliyoipima: kijani chake kilikuwa kidogo, kumbe inatoa karibu miliwati 20 za infraredi. Mwanga wa kuonekana hukufanya ufumbe jicho kwa robo sekunde hivi. Infraredi huioni, na jicho halifumbi.

Haya, nimeijenga upya, na sasa ninazingatia haya:

Betri ni CR123A ya kutupa, volti 3 kama moduli inavyotaka. Napima kwa maltimita kabla ya kuitia. Umbo likikubali haina maana aina imekubali, kama vile "5" ya maandishi si 5 ya hesabu.

Ganda ni la alumini, mwili wa tochi ya zamani. Volti 3 mara ampea 0.3 ni karibu wati 0.9, na mwanga unaotoka ni miliwati chache tu. Kilichobaki chote ni joto, na alumini hupitisha joto takriban mara elfu kuliko plastiki. Fundi wa jua kali alinikerezea pete ya kushika moduli barabara. Jihadharini hapa: shaba ya moduli yangu imeungana na waya wa chanya, na mwili wa tochi kwa kawaida ni hasi. Ningeunganisha kikawaida ningepata shoti. Dawa ilikuwa kuigeuza betri kichwa chini.

Swichi huwaka ukiishikilia tu. Ukiachilia, imezima. Nikimaliza nalegeza kifuniko cha nyuma, hapo hata mtoto akibonyeza haiwaki.

Mbele nimetia kichujio cha infraredi. Na baridi? Naiweka mfukoni nusu saa kabla ya kutoka. Bure kabisa. Kuielekeza kwa ndege au mtu, hata kwa mzaha, ni marufuku.

Pasaka nilirudi nayo Kinangop. Mama aliketi nje nasi, lakini kiti chake alikigeuza kikatazama upande mwingine. Sikumwambia kitu. Tusomane tena.