Nani alikuwa namba moja? Ubishi wa kikapu hadi Bagamoyo

Ubishi wa Simba na Yanga ni mwepesi, kwa sababu una mashahidi. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliitandika Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akatupia matatu, na hata mtoto aliyezaliwa juzi atakutajia. Yanga nao wana 5-0 yao ya mwaka 1968 na hawaachi kuitaja hata msibani. Mpira wa miguu ukibishaniwa sana, mtu anachomoa gazeti la zamani, yanakwisha, mnaagiza chai.

Ubishi ninaousemea mimi ni wa kikapu, na huo hauna gazeti. Ni huu: katika shule za sekondari za Dar, miaka ile ya 90, nani alikuwa pointi gadi mkali kuliko wote?

Kwa msomaji ambaye kikapu anakijua kwa kubebea mchicha tu, nieleze kidogo. Pointi gadi ndiye namba moja. Mara nyingi ndiye mfupi kuliko wenzake. Anapokea mpira nyuma, anaudunda mpaka mbele, anaangalia nani yuko wapi, anatoa pasi. Mwenzake akifunga, uwanja mzima unamshangilia aliyefunga. Namba moja yeye anarudi zake nyuma kukaba.

Jumamosi moja tukaamua yaishe. Tulikuwa watatu: mimi niliyesoma Tambaza, mwenzangu mmoja wa Azania na mwingine wa Jitegemee. Umri umeshatutupa mkono, magoti yanalia kama mlango wa stoo, lakini ukimtaja pointi gadi wa shule nyingine bado damu inachemka. Tulikuwa tumesikia kwamba mwalimu mmoja mstaafu, ambaye miaka ile alikuwa akiandika matokeo ya mechi za shule, amejenga Bagamoyo na amehamia huko. Na inasemekana madaftari anayo! Tukapanda basi pale Makumbusho, siti ya nyuma, tukaanza.

Hatujafika hata Mwenge, wa Azania keshamtaja mtu wao, yule mtumia kushoto.

"Huyo alikuwa anadunda mpira mpaka refa anasinzia," wa Jitegemee akamkata. "Wa kwetu alikuwa akitoa pasi, hata anayepewa anashtuka."

"Ndio maana mlikuwa mnapoteza mipira!"

Abiria wa mbele wakaanza kugeuka. Tulipopita Lugalo, konda naye akaingia. Kule ndani upande wa kushoto ndiko iliko Makongo, shule ya jeshi, ambayo enzi za Kanali Iddi Kipingu ilikuwa ukiisikia kwenye michezo unaanza kutafuta visingizio mapema. Konda akasema: "Wazee, mbona hamumtaji Hasheem?"

Kijana wa watu hana kosa. Ukisema kikapu Tanzania, jina ni Hasheem Thabeet. Alipitia hapo Makongo, akaenda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa vijana wote waliokuwa wanaingia NBA, akaenda Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Lakini Hasheem ana urefu wa mita 2 na sentimita 21. Huyo ni mtu wa chini ya goli, ubishi wetu haumhusu. Nikamwambia konda: siku ile ile aliyochaguliwa wa pili, kuna kijana mwembamba, pointi gadi, aliachwa mpaka akachukuliwa wa 7. Jina lake Stephen Curry. Konda akatoa macho. Warefu wanaonekana kwanza, bwana, dunia nzima.

Huko Marekani kwenyewe wanabishana kama sisi. Mtu wa New York ukimuuliza nani alikuwa pointi gadi bora wa shule za jiji lao, atakuanzia na Bob Cousy wa zamani, aje kwa Tiny Archibald, Pearl Washington, Kenny Anderson, Stephon Marbury, mpaka Sebastian Telfair, binamu wa Marbury, waliosoma shule moja ya Lincoln kule Brooklyn. Tofauti yao na sisi ni kwamba wana karatasi. Anderson alimaliza shule na pointi 2,621, rekodi ya jimbo zima, na Telfair akaivunja mwaka 2004. Mtu anaweka namba mezani. Sisi tunaweka sauti.

Tegeta foleni, Wazo vumbi la saruji, Boko, Bunju. Kisha unavuka Mto Mpiji na Dar imekwisha, umeingia Pwani. Hapo hewa inabadilika kweli. Miaka ya 90 kipande hiki kilikuwa mashimo na vumbi. Timu ya shule ikienda Bagamoyo inashuka kwenye lori imepakwa rangi moja wachezaji na mwalimu wao. Leo ni lami, minazi inakimbia kushoto na kulia, na vibanda vya madafu vinakukonyeza kila baada ya kona.

Mapinga, Kerege, Zinga. Njia nzima hii siku hizi imejaa shule, nyingine za majina makubwa, na hata Kanali Kipingu baada ya Makongo alikuja huku huku Bagamoyo kuanzisha yake, Lord Baden Powell. Wa Jitegemee akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo halikuwa la mzaha. Akakumbusha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya mashuleni ilisimamishwa, UMISSETA ikiwamo. Baadaye ikarudi, ndiyo. Lakini kuna watoto walioingia kidato cha kwanza wakatoka bila kuona mechi moja ya shule na shule. Sisi majina ya waliotutangulia tulisimuliwa na wakubwa wetu, tukiwa tumekaa kwenye kingo za uwanja. Wale walisimuliwa na nani? Kamba ikakatika hapo.

Basi likatushusha Bagamoyo saa 5 asubuhi. Kabla ya kwenda kwa mwalimu tukasema tupite mjini, maana kufika Bagamoyo bila kuuona Mji Mkongwe ni sawa na kwenda harusini ukaishia kwenye viatu mlangoni.

Mimi Bagamoyo naipenda kwa sababu haijifanyi. Ilikuwa mji mkubwa, ikaachwa, na haijavaa miwani ya kujificha. Wajerumani waliufanya makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamishia Dar es Salaam. Mwaka huo huo wa 1891, mwezi Desemba, kule Springfield, Marekani, mwalimu mmoja aitwaye James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda ukutani akawaambia vijana watupie mpira. Ndiyo mwanzo wa mchezo wetu. Nikawaambia wenzangu kwamba mwaka Bagamoyo inapokonywa ukubwa ndio mwaka kikapu kinazaliwa. Wa Azania akasema hiyo haithibitishi kitu. Kweli, haithibitishi. Ila naipenda.

Na wilaya hii hii, huko Msoga ambako leo ni Chalinze, ndiko alikozaliwa Jakaya Kikwete, Rais wetu wa nne, ambaye alikuwa mcheza kikapu tangu shule na kwa miaka mingi mlezi wa shirikisho la mchezo huo. Uwanja wa vijana pale Kidongo Chekundu, Dar, uliofunguliwa mwaka 2015, una jina lake. Kwa hiyo mtu asiseme Bagamoyo na kikapu wapi na wapi.

Tukatembea mpaka Misheni, ile ya mwaka 1868, tukapita chini ya miembe. Pale ndipo ulipolazwa mwili wa Livingstone mwezi Februari 1874. Alifia Chitambo, ambako leo ni Zambia, Mei 1873. Akina Susi na Chuma na wenzao wengi wakaubeba mwili ule kwa miguu, karibu miezi tisa, mpaka pwani. Ukafika Uingereza, ukazikwa Westminster kwa heshima zote. Mnara wa Misheni unaitwa wa Livingstone.

Wa Jitegemee akautazama mnara, akakuna kidevu. "Sasa hapa aliyefunga nani, na aliyepeleka mpira nani?"

Hakuna aliyemjibu. Na mji mzima huu ndivyo ulivyo, ukifikiri. Majina ya wazungu waliopita hapa kwenda bara unayapata kwenye vibao. Wapagazi waliobeba pembe kutoka Tabora na Ujiji, maelfu kwa maelfu, majina yao utayapata wapi?

Sokoni kwa samaki tukala changu wa kukaanga na ndimu, na mihogo. Bei sitaji, maana mama muuzaji alisema tukimwandika gazetini watu wa Dar watakuja wengi halafu wataanza kubembeleza. Ubishi pale ulipoa kwa sababu midomo ilikuwa na kazi.

Mwalimu tukamkuta kibarazani, shuka kiunoni, redio sikioni. Shikamoo zikatoka tatu kwa mpigo kama darasani. Umri umekwenda, lakini sauti ile ile iliyokuwa ikitutoa nje ya mstari. Tukaeleza shida yetu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wanangu mmepanda basi kutoka Dar kwa ajili hiyo?"

Madaftari kweli alikuwa nayo. Yalikuwa mengi, akasema, sanduku zima. Lakini mvua za El Nino za mwaka 1997 kuingia 1998 zilimkuta Dar, bondeni, maji yakaingia ndani usiku. Watoto aliwatoa, sanduku akaliacha. Kilichobaki ni daftari moja, jalada limekauka kama dagaa, kurasa zimeshikana. Akalileta limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Tukalifungua kwa ncha za vidole. Kurasa zinazosomeka hazikuzidi tano. Na hapo ndipo tulipochoka. Mistari imepigwa vizuri kwa rula: namba ya jezi, pointi, faulo. Basi! Jina hakuna hata moja.

"Mwalimu, majina?"

"Majina nilikuwa nayajua. Niyaandike ya nini?"

Unajua zamani jezi za kikapu zilianzia 4 zikaishia 15, kwa sababu vidole kimoja mpaka vitatu refa alihitaji kuonyeshea pointi. Kwa hiyo kila shule ilikuwa na namba 7 wake. Katika ukurasa mmoja ulioliwa juu, mahali palipoandikwa majina ya shule, kulikuwa na namba 7 aliyepata pointi 4 na faulo 3. Wote watatu tukamdai! Wa Azania anasema huyo ndiye mtumia kushoto wao, wa Jitegemee anaapa, na mimi nilikuwa na hakika kabisa ni wa Tambaza.

"Pasi je, mwalimu? Pasi uliandika wapi?"

"Pasi nilikuwa siandiki. Safu yake haikuwapo."

Nikamwomba basi aseme yeye mwenyewe, kwa macho yake, nani alikuwa bora. Nilitegemea adengue kama wazee wanavyodengua. Hakudengua hata kidogo.

"Msichana mmoja wa Jangwani. Namba 5."

Tukatazamana. Jangwani! Toka Makumbusho mpaka Misheni tumetaja shule zaidi ya kumi, na hakuna aliyetaja ya wasichana.

"Nyie hamkumwona. Wasichana walikuwa wanacheza saa 8 mchana, jua la utosi. Nyie mechi yenu saa 10, mko chini ya mwarobaini mnakula miwa." Akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole. Jangwani na Zanaki. Namba 5: pointi 2, faulo 1.

"Pointi mbili?" wa Azania akauliza.

"Mbili. Na Jangwani walishinda. Yule alikuwa anawapanga wenzake kwa kidevu. Haongei. Anakutazama, anainua kidevu hivi, unakwenda mahali, mpira unakukuta. Wale wengine wote waliofunga hapa," akashusha kidole chini ya mstari, "ni yeye aliwafungisha. Nilikuwa nakaa mezani naandika pointi za wenzake, najua kabisa naandika uongo."

Mimi kura yangu nilihamisha pale pale. Wenzangu wanasema nilimwonea mzee huruma. Si kweli. Katika watu wote tuliowabishania siku ile, huyu ndiye peke yake aliyetajwa na mtu ambaye hakusoma naye, hakuwa ndugu yake, na alikuwa mezani kwa zamu, kalamu mkononi.

Jina? Mwalimu akafumba macho muda mrefu. Kwao Ilala, akasema, baba yake alikuwa fundi cherehani. La kwanza linaanzia na M. Akaahidi likimjia atapiga simu, usiku au mchana.

Mwezi wa pili huu, simu haijalia. Kwa hiyo dada, kama unasoma hapa, na ulivaa jezi namba 5 ya Jangwani katikati ya miaka ya 90, na mliwafunga Zanaki pale Upanga saa 8 mchana wewe ukafunga pointi mbili tu, tuandikie kwa anuani ya gazeti hili. Hata kama hukumbuki mechi. Jina tu linatosha, mwalimu ameacha nafasi kwenye daftari.