Kifungo kiko wapi, mwanangu?

Nilikuwa na umri wa miaka 13 mama alipoichukua picha niliyochora, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu msichana wako kichwa atakipitishia wapi?"

Nilikuwa nimemchora binti wa Kizungu mwenye gauni la kuburura, kiuno chembamba kama cha nyigu na lesi tele shingoni. Nilimnakili kutoka kadi ya Krismasi. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa barazani mwa duka moja la vitambaa mjini Nakuru. Aliona mara moja kilichonipita. Gauni lile halikuwa na kifungo wala kishikizo. "Basi amezaliwa nalo," akasema, na mafundi wenzake wakaangua kicheko.

Nilikasirika ajabu. Tangu siku hiyo kila aliponiita nikae karibu naye anionyeshe kukata kitambaa, jibu langu lilikuwa moja: mimi ni mchoraji, si fundi. Siku moja nililitamka mbele ya wateja wake. Mama hakunijibu. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani. Hakuniita tena.

Miaka ikapita. Nilipata kazi ya kuchora picha za vitabu vya watoto, na mchapishaji mmoja akanipa hadithi ya Ulaya ya kale. Nilifurahi kwa sababu magauni yale ndiyo niliyoyapenda tangu utotoni. Nilichora picha 12. Zote zilirudishwa. Mhariri alisema watu wangu wanaonekana kana kwamba wamevikwa makaratasi. Nilipewa wiki tatu nizichore upya, la sivyo kazi ingepewa mtu mwingine. Wakati huo nilikuwa na deni la kodi ya nyumba la miezi miwili.

Nikitafuta msaada, nilinunua kitabu kikuukuu kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. Humo ndimo nilimokutana na Kate Greenaway.

Mama huyu alizaliwa London mwaka wa 1846. Babake alikuwa akichonga picha kwenye mbao za kuchapishia, na mamake alikuwa na duka la nguo za watoto na lesi. Akiwa mdogo, Kate alikuwa akipelekwa kukaa Rolleston, kijiji kilicho katika jimbo la Nottinghamshire, ambako watu bado walivaa mavazi ambayo mjini yalikuwa yamesahauliwa. Hakuyasahau. Kitabu chake, Under the Window, kilipotoka mwaka wa 1879, watoto waliochorwa humo hawakuvaa nguo za wakati wake. Walivaa za mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19: magauni mepesi yenye kiuno kilichopandishwa hadi chini ya kifua, na kofia pana za majani makavu. Nakala 20,000 za kwanza ziliisha upesi. Akina mama wakaanza kuwashonea watoto wao nguo kama zile za kitabuni.

Lakini lililonichoma moyo ni jinsi alivyofanya kazi. Greenaway alizishona nguo hizo kwa mkono wake mwenyewe, akawavisha watoto, ndipo akawachora. Alikuwa mchoraji, na hakuona haya kuwa fundi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda Nakuru.

Macho ya mama yalikuwa yamefifia. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa leso. Nilimwambia nilichotaka, naye akanyamaza kidogo. "Kumbe umekuja kwa fundi," akasema. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia barazani. Alinipapasa bega, akasema, "Leta hiyo picha." Kisha akakumbuka kwamba hawezi kuiona. "Basi nieleze."

Nikamweleza gauni la Greenaway sehemu baada ya sehemu. Aliuliza kitambaa gani. Nikasema melimeli nyeupe. "Hiyo si ya Bara Hindi?" akauliza. Alikuwa sahihi. Melimeli iliyopendwa sana Ulaya enzi hizo ilifumwa Bengal, na mtindo wenyewe wa kiuno cha juu uliigwa kutoka sanamu za Wagiriki wa kale. Hata nguo niliyodhani ni ya Kizungu mtupu ilikuwa na ukoo mrefu.

Tulinunua pamba nyepesi. Mama alipima kwa shubiri na kukata kwa kupapasa, nami nikatunga uzi na kukanyaga cherehani kama alivyoniagiza. Nilikosea upindo mara mbili, akaufumua mara mbili. Jioni tulimvisha mpwa wangu wa miaka saba, akakimbia uani. Hapo ndipo nilipoona jinsi kitambaa kinavyoshuka kutoka kifuani, kinavyojaa upepo na kujikunja magotini. Nilichora hadi giza likaingia.

Picha zilikubaliwa, na kodi nikailipa. Lakini faida kubwa si hiyo. Hadi leo, kabla ya kupeleka kazi yoyote kwa mchapishaji, humpigia mama simu na kumsimulia kila picha. Husikiliza kimya hadi nimalize. Kisha huuliza, "Na kifungo kiko wapi, mwanangu?"

Mara nyingi huwa nimekisahau.

Vijana wenzangu mnaopenda sanaa, tazameni kazi za mbali, mzipende na mjifunze kwazo. Lakini kabla ya kuzifuata, ulizeni kama aliye karibu nanyi hajui jinsi zilivyoshonwa. Mimi nilichelewa kuuliza kwa miaka mingi, na mwalimu wangu alikuwa barazani.