Kipimo cha Oili

Wengi wetu hudhani kwamba kitu huharibika kwa kunyimwa tu. Mimi nilijifunza kwamba hata kuzidishiwa huharibu, na mwalimu wangu alikuwa mashine ya boti ya nguvu za farasi 15.

Mashine hiyo ilikuwa ya mjomba wangu, mvuvi wa Pangani. Mashine za namna ile hazina oili ya kukaa ndani. Oili huchanganywa na petroli, vikaingia pamoja. Ikikosekana, pistoni hunata ndani ya silinda. Kitabu chake kilitaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Kazi ya kuchanganya nilikabidhiwa mimi. Kwa kuogopa kuiua mashine ya mjomba, nikawa natia karibu mililita 800, nikiona ni wema.

Wema huo ulinijibu kwa moshi. Plagi zote mbili zikawa zinaloa na kujaa masizi, na kamba ya kuwashia tukaivuta mpaka mabega yakauma. Badala ya kueleza nilivyokuwa nachanganya, nilikwenda dukani nikashauriwa kufunga plagi za moto zaidi. Za awali zilikuwa NGK B7HS, nikafunga B5HS. Katika plagi za NGK, namba ikiwa ndogo, ncha hubaki na joto zaidi, na joto hilo huunguza masizi. Nyuzi na urefu ni vile vile, basi hakuna aliyetambua. Mashine ikatulia, nami nikajiona fundi.

Siku moja mjomba alichanganya mwenyewe, kwa kipimo cha kitabu. Tulipokaribia Maziwe, mashine ikaanza kugonga, ikalegea, ikazima. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Mjomba akafungua plagi moja, akaigeuza kiganjani. Ncha ilikuwa nyeupe kama chokaa, ilhali plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia. Kisha akasoma namba.

"Nani kazifunga hizi, mwanangu?"

Nikamweleza yote, tangu oili. Hakunigombeza. Alisubiri mashine ipoe, akatoa plagi za zamani alizokuwa amezifunga kwenye kitambaa, akazirudisha. Tukarejea pwani polepole.

"Kosa la kwanza lilikuwa la woga," aliniambia tulipofika. "Hilo lingetugharimu moshi tu. La pili, la kulificha la kwanza, lingetoboa pistoni na kutuacha baharini."

Leo napima oili kwa chupa yenye alama, hata mkono unapodhani umezoea. Na kila nifunguapo plagi, huitazama rangi yake kabla ya kuifuta. Mtu anaweza kunyamaza juu ya alichokifanya. Plagi haijui kunyamaza.