Pua Yangu Haikuwa na Habari

Mimi napumulia shingoni. Kansa ya koo ilipotolewa Muhimbili, kisanduku cha sauti kilikwenda nayo, madaktari wakaacha tundu chini ya koo ili hewa iende moja kwa moja kwenye mapafu. Tangu hapo pua na mapafu yangu havijuani. Nakuandikia wewe unayepumua hivyo, au unayemuuguza mtu wa namna hii.

Ilikuwa Julai 2021. Kwetu Kitura kulikuwa na baridi, tuko kwenye kuchuma kahawa, nikaanza kukohoa. Homa, viungo vyote vinauma. Mke wangu alizidisha kunidondoshea maji ya chumvi kwenye tundu, kwa sababu hewa isiyopitia puani haipati joto wala unyevu, makohozi yanaganda. Haikusaidia. Mdogo wangu akanipakia kwenye pikipiki, tukaenda kituo cha tiba. Wakaingiza kijiti cha pamba puani. Majibu: huna korona. Nikapewa dawa za kikohozi na barakoa ya kufunika mdomo. Mdomo! Nilipokohoa, makohozi yalitokea shingoni yakaruka mpaka mezani kwa mhudumu.

Siku chache baadaye, usiku, pumzi ikakata.

Siwezi kupiga kelele. Sauti sina. Niligonga ukuta. Mke wangu akawasha tochi, akaona kucha zangu zimekuwa za bluu. Akaanza Salamu Maria huku anatoa gamba la makohozi kwenye tundu. Tukarudi kituoni. Wakaleta mtungi wa oksijeni. Wakanifunga usoni. Hewa ikawa inapuliza pua isiyofika popote. Nikaonyesha shingo. Wakaniambia, mzee tulia. Nikaomba daftari. Mkono ukakataa kuandika. Niliwaona watoto wangu. Niliona jeneza. Mungu wangu, nilisema moyoni, si hapa.

Mke wangu hakungoja. Aliivuta ile barakoa ya oksijeni kutoka usoni, akaibandika kwenye tundu, akaishikilia kwa mikono miwili. Kifua kikapanda.

Asubuhi aliingia zamu tabibu mwingine, kijana. Aliniuliza: "Baba, hewa yako inapita wapi?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Akachukua sampuli puani tena, na nyingine ndani ya tundu la shingo. Ya puani haikuwa na kitu. Ya shingoni ilikuwa na UVIKO-19. Alinieleza kwamba kirusi huwa kinatafutwa puani kwa kuwa watu wengi wanavutia hewa huko. Kwangu mimi kinaweza kushuka mapafuni bila kupita puani. Ndiyo maana mtu kama mimi apimwe sehemu zote mbili, kwani wakati mwingine kinakutwa puani tu.

Nilitengwa, nikapewa deksamethasoni na oksijeni, safari hii shingoni. Wenzetu wa jumuiya ndogo ndogo ya kanisani walichuma kahawa yangu yote, wakaja kusali nje ya dirisha. Nilipopona nilichanja, maana chanjo ilikuwa imezinduliwa na Rais Samia mwishoni mwa Julai hiyohiyo.

Binti yangu ameniandikia kadi, naivaa kifuani: NAPUMULIA SHINGONI. OKSIJENI NA KIPIMO VIFIKE HAPA PIA. Mwombe mwanao akuandikie kama hiyo. Mwaka jana nilikohoa tena. Muuguzi akaisoma, akachukua puani, akachukua shingoni. Kote hakukuwa na kitu. Lakini mpaka alipotamka hivyo, mke wangu alikuwa ameshanishika mkono, na nilisikia unatetemeka.