Mkunjo wa Mama

Picha ya marehemu baba ninayo moja tu. Amesimama ufukweni Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mkono mmoja umeshika ukingo wa mtumbwi. Nyuma yake linaonekana lile jiwe kubwa lililowafanya Wajerumani wapaite mahali hapo Sphinxhafen, jina lililobandikwa, likabanduka. Baba alipokwenda kutafuta kazi mbali, mama aliikunja picha hiyo mara mbili ili iingie katika pindo la khanga yake. Mikunjo ikakutana kifuani pa baba, wala haikutoka tena. Pembeni pana doa la kutu, lililoachwa na pini iliyoishikiza ukutani kwa miaka mingi.

Diwani yangu ilipokaribia kwenda kuchapwa, niliipeleka picha kwa kijana mmoja mjini Mbinga, msanifu wa majalada. Niliporejea, alinigeuzia kioo cha kompyuta kwa furaha. Mkunjo haukuwapo. Doa la kutu halikuwapo. Badala yake niliona nyufa, vumbi na mikwaruzo nisiyoijua.

"Ile ya mwanzo ilikuwa uchafu, mzee," akaniambia kwa adabu. "Nimeisafisha, kisha nikaipa ukongwe."

Nilimwomba anieleze ukongwe hupewaje. Programu ya Photoshop, akasema, imekuwa na matabaka tangu mwaka 1994: picha huwekwa juu ya picha, kama karatasi za kuonyea. Msanifu huchukua picha ya kitu kilichochakaa, bati lenye kutu au rangi iliyobambuka, akailaza juu ya picha yake. Kwa amri moja weupe wa tabaka la juu hutoweka na giza lake likabaki. Kwa amri nyingine giza hutoweka, ikabaki mikwaruzo myeupe. Kisha hupunguza uzito wa tabaka hilo mpaka jicho lidhani kwamba vitu viwili ni kimoja.

"Na nyufa hizi ni za wapi, mwanangu?"

"Za ukuta, mzee. Nimezitoa mtandaoni. Ukuta wa wapi, sijui."

Nilitaka kukasirika, lakini ulimi ukaniganda, kwani nilijiona mimi mwenyewe. Sikufundishwa ushairi darasani. Nilijifunza kwa vitabu vya kuazima, nikiwa mtu wa bara mwenye hofu kwamba watu wa pwani wataniona mgeni katika nyumba yao. Kwa hiyo, nilipotafsiri mashairi yangu ya kwanza kutoka Kiingereza, niliyamwagia ukongwe. Njia nikaiandika ndia, macho nikayaandika mato, nchi ikawa nti. Mzee mmoja wa visiwani, mjuzi wa tungo, aliyasoma yote kwa subira, kisha akaniuliza swali moja: "Maneno haya, bwana, umeyarithi kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Mwengo bin Athumani, alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, hakuwa akiupa utenzi wake ukale. Alitumia lugha ya ushairi iliyokuwa hai mjini kwake, na ukale ukaja wenyewe, kwa kusomwa na kunakiliwa. Mimi nilikuwa nimechukua nyufa za ukuta wa watu nikazilaza juu ya shairi changa. Tafsiri zile nilizivunja, nikazijenga upya kwa Kiswahili nilichokulia.

Hayo nikamsimulia kijana. Alinyamaza kidogo, akaifungua ile nakala ya mwanzo, na mkunjo wa mama ukarudi kifuani pa baba. Nikamwonyesha palipokuwa fundo la khanga. "Sikujua, mzee," akasema. Nami nilikuwa sijamwambia. Kosa lilikuwa letu sote.

Wala sisemi ufundi wake haufai. Jalada la nyuma lilikuwa na rangi tupu, laini mno, kama plastiki. Tukateremka pamoja hadi Mbamba Bay, akapiga picha ubavu wa mtumbwi mzee uliopinduliwa mchangani, mbao yake imelika kwa mawimbi na jua. Tabaka hilo akalilaza juu ya rangi ile, jepesi, karibu lisionekane.

Mama alipoletewa kitabu, hakukifungua kwanza. Alipitisha kidole juu ya mkunjo, akauona ni laini, akacheka. "Ndio wenyewe," akasema.