Kabla hujaweka keria, keti kwanza nyuma

Msomaji, iwapo unalo gari kuukuu la kupanda milima, au unalimezea mate la jirani, nina ombi moja kabla hujampelekea fundi pesa zako. Ingia nyuma, pale watakapoketi watoto, umwambie mtu akuendeshe kilomita tano tu katika barabara mbovu. Mimi sikufanya hivyo. Nilishughulika na yale yanayoonekana na watu, na aliyelipia kosa hilo ni binti yangu.

Gari lenyewe nililinunua mwaka wa 2021 kutoka kwa mkulima mmoja wa Nyandarua. Ni Land Rover Series III, ile ndefu ambayo mafundi huiita "mia na tisa" kwa kuwa umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Mkulima alikuwa akibebea maziwa na viazi, na hata leo mvua ikinyesha hutoka humo harufu ya maziwa yaliyolala. Mke wangu alilizunguka mara moja, akauliza, "Baba Watoto, hili lina milango mingapi inayofungika?" Nilijifanya sikusikia.

Usinicheke. Wewe unayelea watoto katika nyumba ya ghorofa hapa mjini wajua ninalosema. Binti yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka minane, alikuwa ameanza kuandika majina ya ndege katika daftari lake la shule, lakini ndege aliowaona ni kunguru, shomoro na korongo wale wa jalalani. Mdogo wake hakuwa ameona ng'ombe ila kwenye pakiti ya maziwa. Niliwaza Magadi, Olorgesailie, mito iliyokauka ambamo mtu aweza kupiga hema na kusikiliza usiku. Huko matatu hazikufikishi, na gari letu dogo lilikwaruza tumbo hata kwenye matuta ya mtaani.

Basi nikaanza kulitengeneza. Kule Kirinyaga Road, ambako wazee bado hukuita Grogan, fundi alinishauri nami nikashaurika. Tairi pana na ndefu kuliko zile za kiwandani. Keria ya chuma iliyofunika paa lote, na ngazi ya kuipandia. Taa nne juu ya keria. Vyuma vya kukinga mbele, vizito kama lango la gereza. Nilipoliingiza mtaani Jumamosi moja, vijana waliacha kucheza kandanda wakaja kuligusa. Ama kwa hakika nilijiona mwanamume!

Na nyuma je? Nyuma kulikuwa na mabenchi mawili, moja kila upande, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. Hukuyajua matatu ya Peugeot, zile pikapu za zamani zenye mabenchi ya mbao? Muulize baba yako, atakuonyesha na kovu. Niliyawekea mabenchi yangu sponji mpya na ngozi nyekundu, nikaona kazi imekwisha. Mishipi ya usalama ilikuwa miwili tu, wangu na wa mke wangu, huko mbele. Nami ni mwandishi ambaye nimewahi kuandika kuhusu zile sheria za Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilizolazimisha mishipi katika matatu. Nilikuwa naitaka kwa makanga, siitaki kwangu.

Likizo ya Aprili 2022 tulishika njia ya Magadi. Ukishapita Kiserian na kufika Kona Baridi, nchi yote hufunguka chini yako, na kutoka hapo hadi ziwani unateremka zaidi ya mita 1,000. Ni mahali pazuri mno, lakini kwa gari lenye breki za mtindo wa zamani ni mahali pa kushuka kwa gia ndogo na subira. Juu ya keria nilikuwa nimepakia mitungi minne ya maji, kila mmoja lita 20, yaani kilo 80 za maji peke yake. Ongeza gurudumu la akiba, hema, gunia la mkaa na uzito wa keria yenyewe.

Mbele kidogo ya Oltepesi mbuzi waliingia barabarani. Sikuwa nakimbia, mshale ulionyesha 60, ingawa baadaye nilikuja kufahamu kwamba tairi kubwa huudanganya mshale: gari huwa linakwenda kasi kuliko unavyosoma. Nikakanyaga breki na kukata usukani. Gari likainama upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta, likakaa hapo kitambo ambacho bado hunijia usingizini, kisha likarudi chini. Mbuzi walipona wote.

Kilichofuata ni kimya, halafu sauti ya mwanangu wa kiume akisema, "Baba, ana damu." Binti yangu alikuwa ametupwa kutoka benchi hadi mbele, mdomo wake ukagonga kona ya kisanduku cha vyuma nilichokiacha sakafuni. Meno mawili ya mbele, na si yale ya utotoni. Daktari aliweza kuokoa moja.

Mke wangu hakunigombeza. Alimpakata mtoto njia nzima hadi Nairobi, na tulipofika nyumbani akasema sentensi moja: "Wanangu hawataketi tena kwenye benchi la viazi." Gari likaegeshwa miezi saba. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba binti yangu hakulalamika wala kulia. Kila nilipotaja safari alijibu kwa adabu, "Nitabaki na mama."

Katika miezi hiyo nilipata wakati wa kufikiri juu ya gari hili lilikotoka. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka wa 1948, Uingereza ikiwa bado inajikongoja baada ya vita. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo, ndiyo maana mwili wake ukatengenezwa kwa alumini. Wazo lilikuwa gari la mkulima: livute jembe, libebe magunia, livuke matope. Nyuma ni mahali pa mzigo na vibarua. Ubora wake wote niliousifu mbele ya majirani ulikuwa ubora wa kubebea viazi, nami nilikuwa nimewaweka watoto wangu mahali pa viazi na kuwafunika kwa ngozi nyekundu.

Fundi wa pili nilimpata Kariobangi, katika vibanda vya jua kali, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliingia nyuma, akaketi kwenye benchi, akapiga sakafu kwa kifundo cha kidole.

"Kijana, watoto wako wana kilo ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Nenda ukawapime. Gari unalijua tairi zake hadi inchi, na mtoto humjui uzito?"

Nikanyamaza. Nilipomwambia nataka viti vinavyotazama mbele, akaniambia jambo ambalo nakuomba ulikate ulibandike ukutani ukipenda. Sakafu ya gari hili ni bati la alumini. Ukitoboa mashimo manne na kukaza kiti kwa bolti, kitaonekana imara hata ukikitikisa kwa mikono miwili. "Lakini siku ya siku," akasema, "bati litachanika, na kiti kitaondoka na mtoto akiwa amefungwa ndani yake." Kwa hiyo alichomelea fremu ya chuma kizito chini ya sakafu, akaikaza kwenye shasi yenyewe, na bolti za viti na za mishipi zikapita katika fremu hiyo, zikiwa na mabamba mapana ya chuma chini yake. Viti tulivitoa kwenye gari dogo lililobomolewa, lakini mishipi alikataa katakata isiwe ya mtumba. Mshipi uliokwisha kuzuia mtu katika ajali huwa umenyooka na kudhoofika, na kwa macho hutaujua. Tulinunua mipya, ile inayopita begani na kiunoni.

Nyuma ya viti alisimamisha wavu wa chuma, ili sufuria na masanduku yasije yakawafuata watoto siku ya breki. Maji yakateremshwa kutoka paani hadi kwenye tangi bapa la lita 60 chini kabisa, karibu na ekseli. Keria ikang'olewa, ikawekwa ndogo inayobeba hema na magodoro pekee, vitu ambavyo havina uzito. Tairi kubwa nikaziuza, nikarudisha saizi ya kiwandani, na breki zikapumua. Taa nne nazo zikaenda. Lile lango la gereza la mbele nalitamani bado, sikufichi, lakini lilikuwa likiwabebesha springi mzigo wa bure.

Kazi hiyo yote ilinigharimu shilingi elfu tisini, chini ya nilizotumia kwa keria, tairi na taa. Isitoshe, ukibadilisha viti au injini, hakikisha stakabadhi za gari zinasema hivyo, na kampuni ya bima ijue. Usingoje kuulizwa baada ya ajali.

Siku ya kulichukua gari mke wangu alikuja nami Kariobangi. Alizungumza na Mzee kando kwa muda, kisha akaninyoshea mkono. "Lete ufunguo." Nikampa. Akanielekeza kwa kidole kwenye kiti cha nyuma, upande wa binti yetu. Tulitoka hadi Kangundo Road, tukaacha lami na kuingia katika njia moja ya vumbi yenye mabonde, na huko, bila kuniambia, alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mshipi ulinikamata begani, roho ikanitoka na kurudi. Wavu ulitoa mlio, vitu vikabaki nyuma yake. Akanitazama kwa kioo. "Sasa unajua alivyokuwa anaona akiwa huku nyuma," akasema, na akaendesha hadi nyumbani.

Desemba binti yangu alikubali kuja. Tulikwenda Olorgesailie tu, mwendo usiofika kilomita 70 kutoka mjini, pale akina Leakey walipochimbua mashoka ya mawe miaka ya 1940. Mengi bado yamelala papo hapo ardhini, yaliyochongwa na watu walioishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mvulana wangu aliuliza kama watu hao walikuwa na gari. Kesho yake tulivuka mto mkavu: nilipunguza upepo katika tairi kutoka pauni 35 hadi 20, mchanga ukatubeba taratibu bila kutumeza, na gari la viazi likafanya lile lililozaliwa kufanya. Jioni tulichemsha chai huku hondohondo wawili wakigombana juu ya mgunga. Daftari la binti yangu lilikuwa na majina kumi na tisa, mawili yakiwa na alama ya kuuliza.

Keria kubwa iko kijijini kwa mama yangu, nyuma ya jikoni. Kuku hulala juu yake, na mama husema ni kichanja kizuri kuliko vyote alivyowahi kuletewa kutoka Nairobi. Binti yangu sasa anaingia kidato, na jino moja lake si lake. Kila tunapoondoka hujifunga mshipi, akauvuta mara tatu kwa ghafla, kisha akauvuta wa mdogo wake. Mimi huketi mbele nikiwa nimeshika ufunguo, injini ikiwa bado imezimwa, nikingoja amalize.