Mwana Mkubwa wa Nyumba

Tukizungumza juu ya malezi, twawataja baba na mama peke yao. Mimi nataka kunena juu ya mlezi wa tatu, ambaye aghalabu tunamsahau: ndiye mwana mkubwa.

Huko Marekani, tangu Oktoba 1957 hata Juni 1963, watu walitazama katika televisheni mchezo uitwao Leave It to Beaver. Sehemu zake ni 234, na zingali zikitazamwa. Ni habari ya jamaa moja katika Mayfield, mji wa kubuniwa: baba Ward Cleaver, mama June, na wana wawili. Mdogo ni Theodore, aitwaye Beaver kwa utani. Mkubwa ni Wally. Waandishi wa mchezo, Joe Connelly na Bob Mosher, walichota mambo mengi katika maneno na vituko vya watoto wao wenyewe.

Kila nitazamapo mchezo huo, macho yangu humfuata Wally. Yeye si malaika. Siku moja ndugu hao wawili walimwagiza mamba kwa posta. Alipofika, kumbe ni kitoto tu, wakamficha katika tangi la maji la choo, wazazi wasijue. Hata hivyo kijana huyu ana mambo mawili ya kusifiwa.

La kwanza, humsikiliza mdogo wake. Wanalala chumba kimoja, na usiku Beaver humwuliza maswali ambayo aona haya kumwuliza baba. Wally hajui yote, lakini hujibu bila hila. La pili, humlinda. Rafiki yake, Eddie Haskell, ni mtu wa ndimi mbili: mbele ya wazazi maneno yake ni asali, nao wakigeuka humwonea Beaver. Wally haukatai urafiki, lakini humkanya Eddie waziwazi. Hivyo mdogo ajifunza haki bila kuhubiriwa. Baba huonyesha njia kwa kidole. Kaka huitangulia kwa miguu.

Katika Maandiko Matakatifu twawaona wakubwa wengi wenye wivu: Kaini, na ndugu za Yosefu. Lakini hata kati ya hao Rubeni, kifungua mimba wa Yakobo, alijaribu kumwokoa mdogo wake asiuawe.

Sasa nifike kwenye neno linalonigusa zaidi. Aliyeigiza Wally ni Tony Dow, mtoto wa miaka 12 mchezo ulipoanza. Amerika nzima ilimwona kama kaka mwema asiye na shida. Lakini alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alishikwa na ugonjwa wa huzuni nzito, ambao ulimsumbua miaka mingi. Hakuuficha daima: alitafuta matibabu, akausema hadharani ili wengine wapate moyo. Baadaye akawa mchonga sanamu. Mwaka 2008 moja ya kazi zake ilionyeshwa Paris. Alifariki tarehe 27 Julai 2022, mwenye miaka 77.

Nikiwaza habari hiyo, namkumbuka kaka yangu mwenyewe. Baba alipofariki, kaka aliacha masomo akaenda kubeba mizigo sokoni, ili sisi wadogo tulipiwe shule. Watu wote wa mtaa walimsifu: "Huyu ndiye nguzo ya nyumba!" Lakini nguzo haiulizwi kama imechoka. Ni mama peke yake aliyemwita jioni, akamwekea chakula chake kando, akamwambia: "Mwanangu, keti kwanza. Nieleze siku yako." Naamini maneno hayo machache yalimtegemeza kuliko sifa zote za mtaa.

Enyi wazazi, mfundisheni mwana mkubwa kuwa kielelezo kwa wadogo zake, kwa kuwa ni wajibu mzuri. Walakini msimtwike ubaba kabla ya wakati wake. Naye akinyamaza, msidhani kwamba ametosheka, mwulizeni. Nanyi mlio wadogo, mshukuruni kaka yenu angali hai, wala msingoje siku ya matanga.

Mungu, Baba wa jamaa zote, awape wakubwa wetu nguvu, awape na mtu wa kuwasikiliza.